Darasa la wazee Ujiji: linafaa, ila ile bango yao waitoe

Wanaoniuliza kila siku kama lile darasa la wazee lina maana au ni semina ya kunywa soda na kupigwa picha, naandika hapa mara moja ili nisiwe najibu mmoja mmoja kwenye simu, bando lenyewe la kuungaunga. Lina maana. Nyota nne kati ya tano. Mie ni mama wa kuuza samaki, dagaa na migebuka, Kibirizi hapa Kigoma, nina miaka 67, na kitu kikiwa kibovu nasema ni kibovu hata kama nimepewa bure.

Kwanza mjue ni kitu gani maana wengine wanaenda wakidhani kuna miwani inagawiwa au wanapimwa presha na kurudi. Miwani hakuna. Ni darasa kabisa, mnakaa ukumbini asubuhi mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, wazee wa miaka 60 kwenda juu, anafundisha binti mmoja hivi aliyesomea mambo ya jamii na nesi mstaafu ambaye mie ndio namuona mwalimu hasa. Hela hawachukui. Kinachofundishwa ni uzee wenyewe, yaani kipi ni uzee kweli, kipi ni ugonjwa umejificha nyuma ya uzee, na kipi ni maneno tu tumeyabeba toka utotoni mpaka yametufika wenyewe. Wanasema wanataka mzee aache kujidharau. Siku hiyo ya kwanza mzee mmoja mstaafu wa bandari akainuka, fimbo kaegemeza kwenye kiti, akasema binti, sie hatujidharau, wanaotudharau wako huko nje, waite hao uwafundishe. Watu wakapiga makofi.

Binti hakubishana nae. Akabandika karatasi kubwa ukutani akasema kila mtu amalizie maneno mawili tu, "Mzee ni". Aisee. Yakaanza vizuri, mzee ni baraka, mzee ni hekima, penye wazee haliharibiki neno, halafu watu wakachangamka yakaanza kutoka mengine, mzee ni mgonjwa, mzee ni mzigo, mzee hana siri, mzee akisema mara tatu msikilize mara moja, mzee hafundishiki, mzee anasubiri siku yake. Bibi mmoja wa kule juu Gungu akasema mzee mwanamke ni mchawi, akacheka, na wote tukacheka. Karatasi ikajaa ikabidi abandike ya pili. Halafu akamuuliza yule mzee wa bandari, baba, haya mabaya yote ameyasema nani humu ndani, mbona sijaona kijana hata mmoja? Yule mzee akakaa chini akasema endelea.

Hapo ndipo alipoleta mambo ya kitaalam, na nikiri binti anajua kuyaeleza. Alisema huko Marekani kulikuwa na daktari anaitwa Robert Butler ambaye mwaka 1969 ndio aliyeupa jina huu ubaguzi wa kumuona mtu hafai kwa sababu ya umri, kama ilivyo ubaguzi wa rangi. Na Shirika la Afya Duniani 2021 lilitoa ripoti kwamba duniani kote mtu mmoja kati ya wawili ana mawazo ya kibaguzi juu ya wazee. Nusu ya dunia! Ila tofauti yake na ubaguzi mwingine ni kwamba huu unamrudia aliyeufanya. Mzungu aliyebagua weusi hakuamka siku moja akajikuta mweusi, lakini wewe uliyemcheka bibi yako ukiwa na miaka kumi, sa hivi bibi ni wewe, na yale maneno bado unayo kichwani.

Halafu kuna profesa wa chuo cha Yale, Becca Levy, amefanya kazi hii miaka mingi. Mwaka 2002 alitoa matokeo ya watu 660 wa mji mmoja mdogo jimbo la Ohio, watu wa miaka 50 na zaidi, waliulizwa wanauonaje uzee wao halafu wakafuatiliwa miaka zaidi ya ishirini. Waliokuwa wanauona vizuri waliishi kama miaka 7 na nusu zaidi ya waliouona vibaya. Ukumbi ukanyamaza hapo. Mzee wa bandari tena (huyu mzee mie nampenda, bila yeye darasa lingelala) akasema hao wa Ohio wana pensheni, wana hospitali, wana nyama kila siku, lazima wauone uzee mzuri, usichanganye. Binti akajibu kwamba hata walipopiga hesabu wakaweka pembeni tofauti za kipato, afya ya mwili, umri, jinsia na upweke, bado ile tofauti ilibaki. Jibu zuri. Ila mie naongeza kwa akili yangu ya sokoni kwamba kitu kuonekana pamoja na kingine sio lazima kimoja kimezaa kingine, na msije mkaenda pale mkidhani ukijipa moyo leo unaongezewa miaka saba kama mtu anavyoongezewa vocha. Nesi mwenyewe alisema hivyo hivyo. Alisema kinachofanya kazi ni kwamba mtu anayeamini uzee ndio mwisho hanywi dawa yake ya presha, hatembei, haendi hospitali, anasema ya nini sasa, na hayo ndiyo yanayomuua mapema.

Kuna utafiti mwingine waliutaja, wa 1999, watu 47 wa miaka 63 hadi 82 walicheza mchezo kwenye kompyuta kama nusu saa huku maneno mazuri ya uzee kama hekima yanapita haraka mbele yao hata hayasomeki, walipoinuka mwendo wao ukawa umeongezeka kama asilimia 9. Huu niliupokea nusu nusu. Watu 47 ni wachache na nusu saa ni nusu saa, kesho yake sijui walitembeaje.

Sasa siku ambayo mie nawapa nyota zote bila kupunguza ni siku ya kadi. Waliweka nyungo tatu chini katikati ya ukumbi, mmoja umeandikwa UZEE, mwingine UGONJWA, wa tatu MAISHA, yaani kazi na hali uliyoishi. Halafu kadi zenye matatizo, zinasomwa kwa sauti maana sio wote tunasoma vizuri, na sisi ndio tunaamua iende ungo gani. Hakuna kuambiwa jibu mpaka mmebishana.

Kadi ya kwanza, kusahau. Watu wote UZEE, hata hatujamaliza kuisikia. Nesi akauliza kusahau nini? Ukisahau jina la mtu mchana halafu usiku umelala linakuja lenyewe, huo ni umri, ubongo umepungua kasi, lakini maneno unayoyajua, hadithi, uzoefu wa kazi yako, hayo yanabaki na mengine yanazidi kuongezeka mpaka uzeeni. Ila ukipotea njia ya nyumbani kwako ambayo umeipita miaka arobaini, au mama wa sokoni kama mie nikashindwa kurudisha chenji ya elfu kumi, huo sio uzee, huo ni ugonjwa wa ubongo na una jina lake, demensia, duniani wapo zaidi ya watu milioni 55 wanao, umri unaongeza hatari kweli lakini wazee wengi wanakufa bila kuupata. Akaichukua ile kadi akaichana vipande viwili, nusu akaweka ungo huu nusu ungo ule. Akaongeza kwamba yule yule profesa Levy 2023 alitoa matokeo ya wazee 1,716 Marekani, kwamba kati ya wale ambao kumbukumbu imeanza kuyumba kidogo, wenye imani nzuri juu ya uzee walikuwa na uwezekano wa asilimia 30 zaidi wa kurudi kwenye hali ya kawaida kuliko wenzao. Mie sikujua kabisa kwamba ile hali ya mwanzo inaweza kurudi. Nilidhani ikianza imeanza.

Kadi ya magoti ilizua vita. Nusu ya wanawake mle ndani tumebeba ndoo na magunia toka usichana, wa Katonga wapo, wa sokoni Mwanga wapo, kila mtu goti lake lina historia. Mwishowe iliwekwa MAISHA na UGONJWA, na nesi akatuinua kwenye viti. Mikono kifuani, simama kaa simama kaa, sekunde thelathini, hesabu umepata ngapi, andika, wiki ijayo tena. Ndio mazoezi yenyewe hayo hayana gharama. Akasema mwaka 1990 kuna daktari Maria Fiatarone kule Boston aliwachukua wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa miaka 90, akawanyanyulisha vyuma kwa miguu wiki nane, nguvu za miguu zikaongezeka zaidi ya maradufu. Miaka tisini! Misuli haijui kama umestaafu, inajua kama inatumika au haitumiki.

Halafu ikaja ile kadi. Mkojo kutoka bila kukusudia. Wanaume wote wakaangalia dari. Wanawake tukaangalia vitenge vyetu. Nadhani dakika nzima ilipita hakuna aliyesema ungo gani, feni tu inazunguka, halafu mama mmoja mtu mzima sana, mfupi, kavaa gauni la bluu na kilemba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mie natokwa. Nikikohoa natokwa, nikicheka natokwa, ndio maana siku ya kwanza mlipocheka mie sikucheka." Wee. Akasema toka mtoto wake wa mwisho, na huyo mtoto sasa ana wajukuu, na hajawahi kumwambia mtu kwa sababu alijua ni uzee umemuwahi. Nesi akamuita mama yangu njoo, akamkalisha pembeni yake, akaeleza kwamba kuzaa kunalegeza misuli ya chini, na kuna maambukizi, kuna sukari, na kwa wanaume kuna tezi dume, na yote hayo yana namna ya kutibiwa au kupunguzwa, mengine hata kwa zoezi tu la kubana kama unazuia mkojo kisha kuachia, mara nyingi kwa siku, wiki hadi wiki, na hakuna atakayekuona ukilifanya hata ukiwa kwenye bajaji. Kadi ikaenda UGONJWA. Siku ile wakati wa kutoka nilihesabu wanawake waliopanga foleni kwa nesi, na wanaume wawili walijifanya wanasubiri kivuli.

Dada yangu niliyeenda nae alikuwa kwenye ile foleni. Tumekaa nyumba moja miaka yote hii na mie sikuwa najua. Siandiki zaidi, ni mambo yake, ila amekwenda hospitali na anaendelea vizuri.

Kadi ya macho mekundu hii inanihusu. Mie nakausha migebuka kwa moshi, hiyo ndio kazi, kuni, moto, moshi, usoni, na macho yangu ni mekundu toka nina miaka arobaini. Kwa mtu wa Dar hilo sio neno. Kwa huku kwetu, na Tabora, na Shinyanga na Mwanza huko, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na hii sio hadithi, imeandikwa, imetangazwa, watu wamefungwa. Nesi alieleza kwa utulivu, moshi wa kuni miaka hamsini jikoni unafanya macho yawe mekundu, sio usiku kuruka na ungo. Na ule weupe katikati ya jicho ni mtoto wa jicho, unapasuliwa, mtu anaona tena. Kisha akafanya kitu kizuri, akamgeukia yule bibi wa Gungu aliyesema mzee mwanamke ni mchawi, hakumkaripia, akamuuliza tu, bibi, jikoni kwako unatumia nini? Kuni. Na macho yako leo yakoje? Bibi akavuta leso akajifuta akasema haya nimekusikia. Na mie nikaomba nafasi nikasema, wajukuu wa majirani wananiogopa, mama zao ndio waliowaambia, na wengine wa mama hao wananunua samaki kwangu kila Jumamosi. Sikusema kwa hasira. Ila ilibidi isemwe mle ndani na sio sehemu nyingine.

Sasa kuna watu watauliza, wazee wanafundishika? Samaki si mkunje angali mbichi? Hilo swali liliulizwa na mzee wa bandari wala sio kijana. Akajibiwa na mama mmoja mwalimu mstaafu, akamtaja Kimani Maruge wa kule Eldoret Kenya, aliyeanza darasa la kwanza Januari 2004 akiwa na miaka 84, na mkongojo wake, na kaptula za shule. Mie nikaongezea mambo yetu wenyewe maana tusiende mbali. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na waliokuwa wanaenda kisomo jioni wengi walikuwa wazazi wetu, watu wa makamo, walioshika jembe mchana. Na 1973 mie nikiwa na miaka kumi na tano ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanakaa chini ya mwembe na redio moja, kipindi kinasikilizwa, kijitabu kinasomwa, mnajadiliana, halafu mnaenda kuchimba choo. Hili darasa limenikumbusha ile, na ukweli ni kwamba ile ilikuwa na kitu ambacho hili halina. Mkitoka kwenye redio mlikuwa na kazi ya pamoja ya kufanya. Hapa mkitoka mnaachana barabarani kila mtu na bodaboda yake. Binti alisema wataliangalia.

Siku ya wanafunzi. Ripoti ya lile shirika la afya la dunia imetaja njia tatu zinazosaidia, sheria na sera, elimu, na kuwakutanisha wazee na vijana, kwahiyo wakaleta kidato cha tatu kama thelathini hivi. Saa nzima ya kwanza ilikuwa bure kabisa. Wanafunzi upande huu, sie upande ule, kiranja anasoma risala "tuwaheshimu wazee wetu kwani ni hazina", sie tunapiga makofi, wao wanatuonea huruma, hakuna anayemjua mwenzake. Afadhali nesi akavunja, akatupanga wawili wawili, kila jozi ipewe tatizo moja halisi ilimalize. Mie nikapewa kijana mmoja mrefu, tatizo letu ni zile meseji za "ile hela tuma kwa namba hii". Nikajua nitafundishwa. Kumbe yeye ndiye aliyewahi kuliwa, elfu ishirini ya ada ya mtihani, na mie sijawahi, kwa sababu mie mtu akinidai hela ambayo sijakopa nampigia. Basi nikamfundisha mie. Alikuwa anaandika! Hiyo nusu saa ilifanya kazi kuliko ile risala mara kumi, waanze nayo.

Haya, nyota moja waliyokosa.

Bango. Mlangoni kuna bango kubwa la darasa, picha yake ni mkono uliokunjamana umeshika mkongojo. Darasa zima la kutuambia uzee sio mkongojo, halafu picha ni hiyo. Nimewaambia, mama mwalimu amewaambia, bado lipo. Kuna watu mle ndani wanapanda kilima cha Mwanga asubuhi na beseni kichwani, wapige picha hao.

Sauti. Yule binti ni mzuri sana ila wale vijana wasaidizi wake wanatuongelesha kama watoto wa chekechea. "Bibiii, umekunywa sodaaa?" Sie sio viziwi wote, na aliye kiziwi hasaidiki na kurefushiwa maneno, anasaidika ukisimama mbele yake akaona mdomo wako. Halafu kila mtu ni bibi na babu. Mie nina wajukuu wangu wananiita bibi, wewe nimekujua leo niite mama fulani, mbona kwenye mzani wangu wateja wote wananiita hivyo. Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote kwa sababu ni kile kile wanachokifundisha ubaoni wanakivunja mlangoni.

Maiki inakoroma. Karatasi wanazogawa zina maandishi ya sisimizi. Choo kiko chini na ngazi hazina pa kushika, na hilo baada ya kadi ya mkojo lilikuwa kichekesho. Soda na mandazi kwa watu ambao nusu wana sukari, jamani, leteni hata karanga na ndizi. Na kuna wazee wa vijijini ambao Kiha ndio lugha yao, wakisikia "mitazamo hasi" na "dhana potofu" wanaitikia tu ndio ndio, ilibidi mama mwalimu awe anawatafsiria chini chini huku maiki inamzidi.

Posho niseme kidogo. Wapo waliokuja siku ya kwanza wakauliza nauli iko wapi, wakaambiwa hakuna, hawakurudi. Siwalaumu. Mtu anatoka mbali na bodaboda elfu mbili kwenda elfu mbili kurudi na nyumbani hawajala, unamwambia ajifikirie vizuri, atajifikiriaje? Na hapa ndipo mie naona darasa linakwepa. Siku ya haki walitueleza vizuri kwamba kuna Sera ya Taifa ya Wazee toka 2003, kwamba mzee wa 60 na zaidi asiyejiweza anatakiwa kutibiwa bure, kwamba hospitalini kuna dirisha la wazee, ukinyimwa uulize na kwa nani uulize. Safi. Mama mmoja akasema mie dirishani nimefika, nikaambiwa "unaumwa nini tena bibi, si uzee huo", nikapewa panado. Wakamfundisha la kusema, "nipime kwanza, kisha uniambie ni uzee", tukalirudia wote kwa sauti kama kwaya, na mie naliona hili peke yake linatosha nauli. Lakini mzee wa bandari alipouliza kwa nini Zanzibar walianza kuwapa pensheni wazee wote wa miaka 70 na kuendelea toka 2016, shilingi elfu ishirini kwa mwezi wakati ule, na sie bara asiyeajiriwa hana kitu, binti akasema hilo ni swali zuri akageuza ukurasa. Swali zuri halijibiwi kwa kugeuza ukurasa. Mzee wa jembe au wa nyavu ambaye hakuwahi kukatwa hela ya mfuko wowote wa pensheni, neno "mzigo" hajalipata hewani tu, analisikia kila akiomba hela ya sabuni kwa mkwe wake. Lazima hilo lipewe siku yake.

Pamoja na hayo yote narudia nyota nne. Nimeona watu wakibadilika kwa vitu vidogo vidogo. Mzee wa bandari alikuwa na kauli yake, kila kitu "ndio uzee huo", bega ndio uzee huo, usingizi ndio uzee huo, hata simu ikiisha chaji. Sasa akiisema watu wote wanamuuliza ungo gani, na yeye mwenyewe anacheka, na amepimwa presha amekutwa nayo juu, anameza dawa. Dada yangu ameanza tena kwenda harusini, kukaa meza ya mbele. Mie kwenye viti nilianza nikiwa napumua kama gari moshi na sasa nafika sekunde thelathini bila kushika kitu, namba yangu siwaambii mtanishindanisha.

Nani aende: mtu yeyote wa 60 kwenda juu, na hasa wanaume, walikuwa wachache mno, na wale waliokuja ndio waliokuwa na mengi ya kutoa. Nani asiende: anayetaka dawa, au anayetaka kupelekwa na mwanae ili atulizwe, maana wale wa namna hiyo wanakaa na kuangalia saa. Watoto mnaosoma hapa msiwapeleke kwa nguvu, wapeni nauli na muwaache.

Kundi jingine wanaandikisha kupitia wenyeviti wa mitaa, uliza kwa mwenyekiti wako, msinitumie majina mie. Fika mapema ukae mbele kwa sababu ya hiyo maiki, viti vya mbele kushoto ndio vina mto. Beba miwani yako ya kusomea na maji yako, yao yanaisha kabla ya saa nne. Na choo nenda kabla hamjaanza.